Namna ya Kusomea Kemia ya Dawa Ukitokea Rwambuzi

Hongera. Umeamua kuendelea na shahada ya juu katika kemia ya dawa, na kwenu ni Rwambuzi, mjini Bunia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Ukiufuata neno kwa neno utapata shahada, utapigwa picha ukiwa na joho, na hutamsumbua mtu yeyote anayeuza dawa katika mkoa wa Ituri.

Jambo la kwanza ni kuhama. Si kwamba Bunia haina vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Bunia, kuna Shalom, kuna ISTM inayofundisha fani za tiba. Lakini anayetaka kupima molekuli kwa mashine ya maana hufunga mzigo. Ramani inakupa Kisangani, kwa barabara inayopita Komanda, Mambasa na Nia-Nia. Madereva watakuambia kwamba aliyechora ramani hakuwahi kupita huko. Inakupa Bukavu na Kinshasa, kwa ndege. Inakupa pia Uganda, maana Kampala iko karibu nasi kuliko mji mkuu wetu wenyewe, na Mbarara kuna kituo kizima cha utafiti wa dawa na tiba asilia. Ukichagua Uganda utasoma kwa Kiingereza yale uliyoyaanza kwa Kifaransa, utayaeleza nyumbani kwa Kiswahili, na kwa lugha zote tatu mama atakuuliza swali lile lile: unamaliza lini?

Sasa mada. Hapa wengi hupotea kwa kudhani kwamba mada hutokana na swali. Mada hutokana na mmea. Toka nyuma ya nyumba, tazama pembeni mwa parsele. Ule mti wa majani machungu ambao bibi alikuwa akikuchemshia ukishikwa na homa, kongobololo, ndio mada yako. Usijali kwamba mmea huo, Vernonia amygdalina kwa jina la kitaalamu, umekwisha kuandikiwa tasnifu kuanzia Nigeria hadi Ethiopia. Hao waliotangulia hawakuchuma majani yao Rwambuzi. Kichwa cha tasnifu kianze na neno “Mchango”: Mchango katika uchunguzi wa hiki na kile, kisha jina la mmea, jina la mtaa, jina la mji, jina la mkoa, jina la nchi. Aliyetoa mchango hadaiwi kumaliza kazi. Kikifika mistari minne, kichwa kimeiva.

Ukiona aibu kuchuma nyuma ya nyumba, nenda porini. Tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kwenye bariera utamkuta kijana mwenye bunduki ambaye hajawahi kuona magazeti ya kukaushia mimea. Atayafungua moja moja.

“Hii ni nini?”

“Majani, shefu.”

“Majani naona. Ya kufanya nini?”

“Ya utafiti. Niko mwanafunzi wa dawa.”

Atanusa. Atamwita mwenzake, naye atanusa. Usimwonyeshe kifaa cha kurekodi mahali ulipochuma, kwa sababu mtu anayezunguka msituni akiandika majira ya nukta hawezi kuelezea kwamba ni kwa ajili ya jani. Subiri. Baada ya muda sauti itashuka na swali la kweli litatoka: “Na mgongo? Kwa mgongo kuna majani?” Jibu kwamba utafiti unaendelea. Ndilo jibu la pekee katika safari yako yote ya usomi ambalo litakuwa la kweli neno kwa neno.

Maabara ya kwanza ni raha tupu. Saga majani makavu, loweka, chuja. Tikisa mchujo ndani ya neli. Povu likikaa, andika saponini. Dondosha kloridi ya chuma. Rangi ikigeuka bluu ya kuiva hadi nyeusi, andika tanini. Tia kipande cha magnesi pamoja na asidi ya hidrokloriki. Wekundu ukijitokeza, andika flavonoidi. Tone la kitendanishi cha Dragendorff likiacha mashapo ya rangi ya chungwa, andika alkaloidi na umpigie simu profesa. Jedwali sasa limejaa alama za kujumlisha, na jedwali la namna hiyo halijawahi kumwangusha mtu. Kuna siri moja tu usiitoe nje: vipimo hivyo ukivifanya kwa sombe, yale majani ya muhogo ya chakula cha mchana, jedwali litajaa karibu vile vile. Majani ya chai nayo yatafaulu. Tanini na flavonoidi zimo katika majani mengi mno ya dunia hii kiasi kwamba kuzikuta katika jani moja zaidi si habari, ni mahudhurio.

Baada ya hapo onyesha kwamba dondoo lako linaua kitu. Ufundi uko kwenye kipimo. Wanaotafuta dawa ya malaria huchangamkia dondoo linalozuia vimelea chini ya mikrogramu 5 kwa mililita. Likihitaji mikrogramu 100, wanafunga daftari kimya kimya na kuendelea na mmea mwingine. Wewe pima kwa miligramu. Ukiweka miligramu za kutosha, hata chumvi ya Katwe ina shughuli dhidi ya bakteria. Halafu hitimisha kwamba matokeo “yanathibitisha matumizi ya jadi ya mmea huu”, sentensi ambayo nimeikuta katika tasnifu nyingi mno na ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kuchapishwa kabisa kwenye karatasi tupu za chuo ili kuwapunguzia wanafunzi wino.

Epuka kusoma habari za Tu Youyou. Mwanamke huyo wa Beijing alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria mwaka 1969. Naye alianza na mmea wa jadi, na naye alikuwa na bibi zake, kwa maana ya vitabu vya tiba vya karne nyingi. Tofauti ni kwamba matokeo yalipoyumba hakuyapaka rangi. Alirudi kwenye maandiko ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba pale jani linakamuliwa katika maji ya kawaida, halichemshwi, akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu. Akabadili maji kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Mwaka 1971 dondoo hilo likasafisha vimelea vyote katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakalinywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Habari hii ina hatari zake: mwanafunzi akiisoma anaweza kupata hamu ya kurudia jaribio. Tena inaleta matatizo nyumbani, kwa sababu siku hizi kuna chai ya artemisia kila kona, na ukieleza kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kwamba Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba, utaitwa kibaraka wa wazungu kabla hujamaliza kikombe.

Pita mbali na Bukavu pia, kama unaweza. Huko kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kwinini kwenye magome ya kenkina kwa miongo mingi, na mti huo huo umepandwa na wakulima wengi wa mashariki ya nchi. Ni kemia ya dawa ya kweli, iliyofanyika kwetu, kuanzia kitalu hadi kidonge. Ubaya wake ni kwamba inaonyesha ukubwa wa kazi. Pelletier na Caventou walitenga kwinini mjini Paris mwaka 1820, na kwa karibu miaka 190 ikawa ndiyo kinga ya mwisho ya mgonjwa wa malaria kali. Kisha likaja jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010: watoto 5425, vituo 11, nchi 9 za Afrika, Kinshasa ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, dawa ya ukoo wa artemisinini, asilimia 8.5. Tofauti hiyo ndogo kwa macho, kubwa kwa wazazi, ilitosha kuishusha kwinini kitini. Hesabu ya namna hiyo huonekana ukiwa na maelfu ya wagonjwa. Wewe una panya 6, na mmoja alitoroka.

Kwa hiyo usingoje hesabu. Ita waandishi wa habari. Njia hii ilifunguliwa vizuri tarehe 20 Aprili 2020, rais wa Madagaska wa wakati huo, Andry Rajoelina, alipozindua kinywaji cha Covid-Organics na kukinywa mbele ya kamera. Wiki chache baadaye Tanzania ikatuma ndege na waziri kwenda kukichukua. Ndege ilifika kabla ya takwimu. Katika somo la uundaji wa dawa hutafundishwa jambo hili, lakini chupa yenye bendera husafiri haraka kuliko chupa yenye namba ya toleo.

Tumefika kwenye uundaji wenyewe, na hapa naomba utulie, kwa sababu ni eneo tamu na kejeli inanipa taabu. Kidonge si dawa peke yake. Ndani yake mna kijazio, mna kibandiko, mna kitu cha kukifanya kipasuke tumboni, mna kilainishi kama magnesi stearati ili kisigande kwenye mashine. Vitu hivi huagizwa kutoka mbali kwa dola, ilhali Ituri inalala juu ya muhogo. Ndiyo maana karibu kila idara ya famasia barani ina tasnifu juu ya wanga wa mahali kama kibandiko cha vidonge vya parasetamoli. Kazi huanza sokoni. Nunua muhogo, umenye, ukune, uchuje kwa kitambaa, acha maji yatulie usiku kucha. Asubuhi utakuta chini ya beseni tabaka jeupe, zito, linalolia kwenye vidole ukilifinya. Lioshe mara kadhaa hadi maji yatoke safi, likaushe kwa joto dogo, lipitishe kwenye chekeche. Hiyo ni malighafi, na ikifanywa kwa uangalifu haina cha kuonea haya mbele ya wanga wa mahindi uliokuja na meli.

Pika uji wa wanga, changanya na parasetamoli, pata chembechembe, kausha, gandamiza. Sasa utagundua kwa nini parasetamoli ilichaguliwa: ni poda mkaidi isiyopenda kushikana. Kidonge kinatoka kwenye mashine kikiwa kizuri, cheupe, kimenyooka kingo. Unakiweka kiganjani, na sehemu ya juu inajivua kama kofia. Unaongeza uji. Kidonge sasa kinashikana vizuri sana, kinadondoka sakafuni kwa mlio wa kokoto, na kwenye maji ya nyuzi 37, ambako kanuni inakitaka kipasuke ndani ya dakika 15, kinakaa pale kikikutazama. Kati ya kofia na kokoto kuna njia nyembamba, na mwanafunzi aliyeipata kwa wanga wa muhogo wa Bunia amefanya kazi ya heshima, hata kama tasnifu yake inaanza na Mchango.

Kuna kipimo cha kumomonyoka pia. Vidonge vilivyopimwa uzito hutiwa ndani ya pipa la plastiki linalozunguka mara 25 kwa dakika, kwa dakika 4, vikidondoka na kugongana. Vikitolewa havipaswi kuwa vimepoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito. Kama chuo hakina pipa hilo, mpe motari anayekwenda Komanda makopo yako, umwombe ayafunge nyuma ya kiti. Mizunguko 100 ya maabara ni mapumziko ukilinganisha. Anayepokea makopo ukingoni mwa safari hufungua na kukuta kidonge kimoja kizima kwa kila viwili vya unga, naye huuza vyote, unga akiufunga kwenye karatasi.

Ukichoka na vidonge, tengeneza sharubati ya kikohozi. Watu wanaipenda. Hapo lakini usidadisi sana kimiminika unachoyeyushia dawa. Mwaka 1937, huko Marekani, kampuni ya Massengill ilitaka kuuza sulfanilamidi ya kunywa. Mkemia wake akaiyeyusha katika dietilini glaikoli. Ladha ilipimwa, harufu ilipimwa, rangi ilipimwa. Sumu haikupimwa, na zaidi ya watu 100 wakafa, watoto wengi miongoni mwao. Bunge likatunga sheria mpya mwaka uliofuata. Mwaka 2022, nchini Gambia, karibu watoto 70 wakafa kwa figo kushindwa, na sharubati zilizoshukiwa zikakutwa na glaikoli ile ile. Miaka 85 imepita katikati. Kipimo cha kuitambua hakihitaji mashine ya ajabu, kinahitaji mtu aliyeamua kupima. Lakini tuendelee, tasnifu haisubiri.

Utatakiwa kupima uthabiti. Kanuni za kimataifa zinataka dawa ikae miezi 6 kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, bila kuyumba, ndani ya kabati maalumu lenye umeme usiokatika. Hapo ndipo msomaji wa Bunia huanza kucheka. Kwa bahati nzuri mkoa umekujengea makabati ya namna hiyo bure kabisa: ni vile vibanda vya farmasi vya mbao na mabati vilivyojipanga kando ya barabara, jua likivipiga kuanzia asubuhi. Ingia kimoja mchana, saa nane. Muombe mwenyewe akufungulie kopo la aspirini lililokaa kitambo. Usome harufu kabla ya kusoma lebo: ikiwa pua inakutana na siki, basi molekuli imeshavunjika, asidi asetiki inatoka, na kilichobaki ndani si kile kilichoandikwa nje. Uliza na oksitosini, sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, ambayo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Utaonyeshwa friji. Usiulize kama inafanya kazi. Inafanya kazi, inatunza soda.

Tahadhari: data za kibanda hazikubaliki kwenye jarida, kwa kuwa joto lake halikudhibitiwa. Kwamba ndimo dawa zinamoishi si hoja ya kisayansi.

Uchambuzi wenyewe utaufanya kwa mashine ya kromatografia ya kimiminika, ile ambayo wote huiita HPLC na wachache wameiona ikifanya kazi. Safuwima yake ikiziba hutapata nyingine hadi mtu atoke Ulaya na sanduku. Kwa hiyo tafuta mshirika wa ng’ambo. Wewe utatuma unga wa majani, yeye atatuma barua pepe. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inasema faida za mimea zigawanywe kwa haki na nchi ilikotoka. Faida yako itakuwa kushukuriwa katika sentensi ya mwisho ya makala, jina likiwa limekosewa herufi moja. Nisiwe mchoyo lakini. Ushirikiano wa kweli tumeuona jirani hapa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, liliwapima wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, madaktari wa Kongo wakiwa mbele. Katika tiba 4 zilizolinganishwa, mbili zilishinda, na moja kati ya hizo chanzo chake ni kingamwili ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Hilo lilifanyika katikati ya risasi. Basi mtu akikuambia kwamba katika mazingira yetu utafiti mzito hauwezekani, itikia kwa adabu na uendelee na sombe.

Siku ya kutetea tasnifu itakwenda vizuri kama bajeti ya kuku na vinywaji imezidi bajeti ya kemikali. Jopo litauliza juu ya pambizo, namba za kurasa, na kwa nini umeandika mmea kwa italiki ukurasa wa 12 lakini siyo ukurasa wa 40. Mmoja atauliza swali la kemia. Wenzake watamtazama.

Utarudi Rwambuzi ukiitwa Docta. Usikatae, ni kujisumbua. Utapata kazi ya kuzungukia vituo vya afya na mkoba wa kampuni ya dawa, ukigawa kalamu, na mshahara utakuwa mzuri kuliko wa aliyekufundisha. Halafu jioni moja mama jirani atafika na mfuko mdogo wa nailoni wenye vidonge 7, vidogo, visivyo na jina wala karatasi.

“Docta, shikamoo ya jioni. Hivi walinipa kwa ajili ya mtoto. Ni vya nini?”

Vishike. Vigeuze kwenye mwanga. Uliza alinunua wapi, atataja farmasi tatu. Uliza mtoto anaumwa nini, atataja vitu vitano. Una shahada ya juu ya kemia ya dawa. Umepata alkaloidi katika majani ya uani. Na swali ambalo mama anakuuliza ndilo swali la kwanza kabisa la fani yako, kuna nini humu ndani? Mwongozo unakushauri useme “ni vya maumivu, Mama, mpe kimoja asubuhi na kimoja jioni,” kwa sauti nzito. Ukisema “sijui, lakini naweza kupima,” kesho yake utakuta foleni mlangoni.

Foleni hiyo ingekuwa na maana kubwa hapa kwetu, na sasa naacha mzaha. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao watoto, walilazwa katika vituo vya afya vya Ituri wakiwa na dalili za kutisha. Shingo zilipinda upande mmoja, ndimi zilitoka nje na kukakamaa, macho yaligeuka juu. Wengine waliona homa ya uti wa mgongo, na ndivyo ilivyoshukiwa mwanzoni hospitalini pia. Familia nyingine ziliona uchawi, na nani angewalaumu. Madaktari Wasio na Mipaka walipofuatilia, njia iliishia kwenye kidonge. Watu walikuwa wamekunywa kilichouzwa kama diazepamu, dawa inayotumika kutuliza degedege na ambayo huku kwetu hutolewa kwa karibu kila jambo. Ndani ya vidonge hivyo hapakuwa na diazepamu. Palikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo kwa mtoto hufanya hasa vile: shingo, ulimi, macho. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Jibu la mwisho lilitoka kwenye maabara za nje ya nchi.

Hakuna kongobololo wala artemisia katika habari hiyo. Kulikuwa na kopo, lebo, na kipindi cha miezi ambapo mtu yeyote mwenye ujuzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya juu angeweza kuona kwamba lebo inasema uongo. Chukua bamba la silika. Ponda kidonge, kiyeyushe, dondosha tone. Pembeni yake dondosha diazepamu ya kweli ambayo umeihakikisha. Simamisha bamba kwenye chombo chenye kimiminika kidogo chini, subiri kitambo, kisha liangalie chini ya taa ya urujuanimno. Kidonge kikiwa cha kweli, madoa mawili yatapanda hadi urefu mmoja. Haloperidoli isingepanda sambamba na mwenzake. Wajerumani wa mfuko wa GPHF wameyapanga mambo haya yote, bamba, taa, chupa na sampuli za kulinganishia, ndani ya masanduku yanayobebeka, wakayaita Minilab, na yanapima dawa zaidi ya 100 mahali pasipo na umeme wa kutegemea. Hayahitaji safuwima kutoka Ulaya. Hayahitaji hata jengo zuri.

Mada hii ina kasoro zake kama mada ya tasnifu, nakubali. Haina mmea. Haina bibi. Matokeo yakiwa mazuri, yaani dawa zote zikikutwa sawa, jedwali litakuwa la kuchosha na hakuna redio itakayokupigia. Yakiwa mabaya, kuna mfanyabiashara atakayetaka kujua unakaa parsele gani, na kwa hiyo usiende peke yako: pitia kwa wakaguzi wa afya wa mkoa, pata barua, na mamlaka ya dawa ya taifa, ACOREP, ijue unachofanya kabla hujanunua kidonge cha kwanza. Nunua kwa njia ya mteja wa kawaida. Andika tarehe, namba ya toleo, na hali ya kibanda. Chukua vidonge vya kutosha kurudia kipimo na kubakiza vya ushahidi.

Kama bado hujamwandikia profesa pendekezo lako, farmasi za Bunia ziko wazi hadi usiku. Anza na diazepamu.